Tuta la Kwa Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini, karibu na Kibwezi, nyapara alinikabidhi bendera nyekundu nisimamishe malori huku wenzangu wakimwaga lami. Tulikuwa tunajenga tuta. Madereva walishuka kungoja, tukapiga gumzo. Mtanzania aliliita tuta kama sisi, ila vile vituta vyembamba vinavyofuatana akaviita rasta. Mganda akasema hampsi. Mnyarwanda mmoja mpole akasema kwao ni dodani, neno la Kifaransa lililolainika midomoni mwa watu, maana yake mgongo wa punda. Tangu hapo, kila nilipotazama tuta bichi likipoa, mvuke ukipanda, niliona punda amelala chini ya barabara, anapumua polepole.

Ninyi vijana mnaolalamika mkiruka juu yake, jueni tuta lina vipimo. Tulikwaruza lami ya zamani ili mpya ishike, tukaipima kwa ubao uliokatwa umbo la mgongo, tukashindilia, ndipo tukapaka rangi nyeupe.

Baadaye nilihamishiwa Kabati, kisha vilima vya Kilungu, chini ya msimamizi wa matengenezo. Huko wananchi walikuwa wamejijengea tuta la mawe na udongo, baada ya lori kumgonga na kumuua msichana wa shule aliyeitwa Mwende. Tulitumwa kulibomoa kwa sababu halikuwa na kibali na lilikuwa linavunja magari. Tulimkuta mama yake Mwende ameketi juu ya tuta hilo. Msimamizi alimweleza sheria kwa upole, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapa ni kwa Mwende," akasema. "Mkiondoa hii, mtapaitaje?"

Msimamizi alivua kofia. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka mlimani. Kisha akanigeukia.

"Agiza lami," akaniambia. "Mawe yatatoka, lakini hatuondoki hapa bila tuta."

Mama Mwende akainuka, akalitoa jiwe la kwanza kwa mikono yake.

Sasa nimestaafu. Mara moja moja naenda Kilungu kununua matunda kwenye kibanda cha Mama Mwende, kando ya tuta. Magari yanapunguza mwendo, makanga wanaita, "Kwa Mwende, Kwa Mwende," na watu ambao hawakumjua wanashuka. Siku moja nilimuuliza kama hilo jina halimuumizi.

"Mwanzoni nilikuwa naitika," akasema, akinichagulia parachichi. "Siku hizi naangalia tu ni nani ameshuka."