Kitabu cha Kalamu Moja

Dada yangu amepima watoto kwa miaka thelathini na mmoja na hajamwongezea hata mmoja gramu ya uongo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu mtaani wanaosema alikuwa mjinga, nami nikiwasikia huacha ninachofanya nikaenda kuwajibu. Hakuwa mjinga. Aliibiwa kupitia uaminifu wake mwenyewe, na hilo ndilo linalonichoma.

Wanamwita Mama Mizani. Alikuwa nesi wa kliniki ya watoto, kile chumba chenye benchi refu na ndoo ya nepi chafu mlangoni. Akina mama walimjua kwa ukali wake. Mmoja aliwahi kumwomba mbele yangu, "Niandikie nusu kilo zaidi, nesi, baba yake huwa anaangalia kadi." Dada akamjibu bila kuinua macho, "Mizani haina shemeji. Mpe uji, si kalamu."

Kazi moja aliipenda kuliko zote, na mimi niliiona ya kuchosha. Kadi ya mtoto ikilowa au ikichanwa, alichukua mpya, akafungua daftari kubwa la kliniki na kunakili tarehe zote tangu siku mtoto alipozaliwa. Chanjo zote, uzito wote, kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu moja. Kwa hiyo machoni pake kadi safi yenye mwandiko mmoja ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu alikaa mchana kutwa ili ukweli usipotee.

Mwaka aliostaafu, shemeji yangu alipata kiharusi. Ni seremala, mtu wa mabega, na sasa upande wote wa kulia ukawa haumsikilizi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza dada waziwazi kwamba miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kuurudisha mguu, mara tatu kwa wiki, bila kukosa. Nafasi zenyewe zilikuwa chache. Anayekosa mara sita alitolewa kwenye orodha, apewe mwingine.

Magari ya kukodi yalitutesa. Dereva akimwona shemeji anashikiliwa huku na huku, anakumbuka ghafla kwamba ana safari nyingine. Ndipo dada akaamua: kiinua mgongo chake chote kitanunua gari dogo, yeye ataendesha, na mumewe atatembea.

Kwenye yadi tulimkuta muuza magari mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Kila mwanamke alikuwa mama yake. Alituonyesha gari jeupe la miaka saba lililotembea kilomita elfu ishirini na sita tu, viti vya nyuma bado vina nailoni.

"Mwenyewe alikuwa mtu mzima," alisema. "Alikuwa analitoa Jumapili tu, mama. Hili ni jipya, basi tu limekosa kuzaliwa mwaka huu."

Nikauliza kama tunaweza kuleta fundi wetu alikague.

"Fundi wa nje haruhusiwi kufungua boneti humu, mama. Ni utaratibu wa yadi. Lakini ya nini fundi? Kitabu cha sevisi hiki hapa, kimejaa."

Dada akavaa miwani. Nawahakikishia, hakukipitia kitabu kile juujuu. Alisoma mihuri yote kumi na mmoja, akarudi mwanzo, akapitisha kidole kwenye tarehe. Kisha akasema, "Hiki kimeandikwa siku moja."

Nilimwona yule bwana anameza mate. Laiti dada angenyamaza hapo. Lakini ni mtu wa haki, na mtu wa haki humtafutia mwenzake sababu nzuri kabla hajamhukumu.

"Cha kwanza kililowa?" akamuuliza. "Mkanakili?"

"Umeona, mama!" Uso wa bwana yule ulinawiri. "Kililowa kabisa. Gereji wakanakili kutoka kwenye kumbukumbu zao. Yaani mtu msomi kama wewe hafichwi kitu."

Akamvika kilemba cha ukoka, na dada akakikubali, kwa sababu alidhani amekutana na mtu wa kazi yake. Akatia saini. Nami sikusema neno, mimi mwenye mdomo wa kugombana na kila mtu. Akilini nilishamwona shemeji amekaa kwenye kile kiti cha mbele, na sikutaka kumwondoa.

Wiki mbili gari lilikwenda vizuri. Siku ya tano ya mazoezi, shemeji akiwa amekaa kwenye kitanda cha hospitali, aliinua vidole vya mguu wa kulia. Viliinuka kidogo vikashuka. Mtaalamu akamwambia arudie, akarudia. Dada alilia mbele ya watu, yeye ambaye hakulia siku ya kuagwa kazini.

Wiki ya tatu, kwenye kilima cha kabla ya hospitali, taa nyekundu iliwaka, kitu kikagonga chini ya boneti, kisha kimya. Shemeji hakuweza kushuka. Wanaume wawili tusiowajua walilisukuma gari kando naye akiwa ndani, na kwa mdomo wake uliopinda alikuwa anawaomba radhi kupitia dirishani. "Samahani. Samahani, ndugu zangu." Mtu mzima, seremala aliyebeba mbao za nyumba za nusu ya mtaa, anaomba radhi kwa uzito wake. Siku hiyo nilijua hasira yangu haitaisha mapema.

Fundi wa jirani yetu ni mzee wa maneno machache. Alifungua chini ya injini, na kilichotoka hakikuwa oili, kilikuwa kama lami. Akang'oa filta, akaifuta kwa kitambaa, akamwonyesha dada maandishi yake.

"Hii imefungwa kiwandani," alisema. "Haijawahi kuguswa."

"Kwa hiyo kilomita walizirudisha nyuma?" nikauliza.

"Hapana. Kilomita ni za kweli. Limekaa sana, likitoka ni safari fupi fupi, na oili ni ileile miaka saba. Watu wanaogopa gari lililotembea, shangazi. Lililokaa bila kuhudumiwa linakufa vilevile, ila lenyewe halitoi taarifa."

"Na mihuri kumi na mmoja?" dada aliuliza.

Fundi akatazama pembeni. "Muhuri unachongwa hata sokoni, shangazi."

Injini ilikuwa imenoki, na gharama ya nyingine ilikuwa karibu na bei ya gari zima. Tukarudi yadi, mimi nimejaa matusi mpaka kooni. Dada aliniambia nikae kimya, akaweka filta ile juu ya meza ya muuza magari, juu ya karatasi zake safi.

"Kilomita nilikudanganya, mama?" aliuliza yule bwana.

"Hukunidanganya."

"Sasa?"

"Kitabu. Uliniambia cha kwanza kililowa."

Akatabasamu. Naapa, alitabasamu. "Mimi? Mama, kumbuka vizuri. Mimi sikuanza kusema kililowa. Wewe ndiye uliyeanza. Mimi nilikubali tu, kwa heshima ya mtu mzima. Halafu mkataba uko wazi, umelichukua lilivyo."

Mwenzake wa meza ya pili akacheka puani. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Uongo ule aliuokota mdomoni mwa dada yangu, na sasa anamrudishia kama chenji.

Dada hakupandisha sauti. Alichukua kalamu kutoka kwenye mkebe wa bwana yule na kufungua kitabu cha sevisi. Kliniki kosa halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, linaandikwa neno kando, na mwandishi anatia saini. Akapiga mstari wa kwanza, akaandika *haikufanyika*, akatia saini. Akaenda wa pili.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasahihisha."

Alisahihisha mihuri yote kumi na mmoja, taratibu, huku mume na mke waliokuwa wanasubiri kununua wakimtazama. Alipofika wa nane, yule mke alimgusa mumewe bega, wakainuka wakatoka. Sitasema sikufurahi. Lakini gari halitengenezwi kwa furaha. Tulipeleka malalamiko serikalini, tukapewa fomu, fomu ikapewa namba, na namba imelala. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ina lami na taa za barabarani.

Siku za mazoezi zikaanza kupotea. Mara dereva hakuja, mara alikuja akamwona shemeji akaondoka. Tulipofanikiwa kufika tena, zilikuwa zimekosekana sita. Karani wa mapokezi, binti mwenye roho nzuri, aliitazama kadi ya mahudhurio, akatutazama sisi, akashusha sauti.

"Nitaweka tiki siku hizi zote. Nani atajua? Sisi sote tunaona mnavyohangaika."

Tayari alikuwa ameshika kalamu. Mimi nilikwishaitikia kwa kichwa.

"Alikuja?" dada akamuuliza.

"Hakuja, mama, lakini..."

"Basi andika hakuja."

Binti alisubiri kidogo, labda dada abadili mawazo. Shemeji alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akatazama magoti yake. Karani akaandika *hakuja* mara sita, na jina likahamia mwisho wa orodha, miezi minne mbele, wakati miezi ya mguu itakuwa imekwisha.

Nilimfuata dada ukumbini nikamwambia, "Huo ni mguu wa mumeo."

"Najua ni wa nani," alisema.

Mimi ningemwacha binti ajaze. Nasema bila haya, na kama ni dhambi nitaibeba mwenyewe. Mwizi anajaza kitabu kizima kwa uongo na biashara yake inakua, na dada yangu anakataa tiki sita. Mwezi mzima sikupatana naye. Akinipigia simu, sipokei.

Jana nilikwenda hatimaye. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, mguu wa shemeji uko mikononi mwake, anaukunja na kuunyoosha kama mtaalamu alivyomwonyesha, akihesabu kwa sauti ya chini. Juu ya kabati palikuwa na daftari la shule. Ameandika tarehe kila siku, asubuhi na jioni, ukurasa baada ya ukurasa, na mbele ya kila tarehe maneno yaleyale: *vidole havikuinuka.*