Fundi wa Mbugangari na visahani vinavyosubiri radi

Saa nane mchana jua linawaka Mbugangari, lakini kule juu Mudende mvua imeshaanza. Kutoka hapa inaonekana kama pazia la kijivu lililotundikwa mlimani. Faradji Muhamadi amechuchumaa kando ya mashine ya kusaga ya mjane Mukamazimpaka, anapanga visahani vidogo vya chuma kwenye kijiti, kimoja kimoja, kama mtu anayetunga shanga.

"Usilale hapo, Baba Saidati," Mukamazimpaka anamwambia fundi, debe la mtama likiwa kichwani. "Masika ulilala, motere yangu nayo ikalala moja kwa moja."

Wanawake walio kwenye foleni wanacheka. Faradji naye anacheka, kidogo tu.

Ni kweli. Nguzo za umeme zilipofika mwaka 1957, Faradji aliacha kutengeneza cherehani akajifunza kazi ya nyaya huko Bukavu. Ndiye aliyeiwekea mashine hii kinga ya kwanza. Halafu radi ikapiga mbali, hata ngurumo haikusikika vizuri, ikaja kwa kupita kwenye waya na kuiunguza ile motere, yaani mota. Mama alirudi kwenye jiwe la kusagia kwa miezi mitano. Hadi leo akiinuka anashika magoti.

Nyaya za ndani ya mota zimesukwa upya, na sasa wanaanza tena.

"Nilimwambia, hii ikiungua nauza kiwanja, narudi kwetu na watoto," anasema Mukamazimpaka. "Siko na nguvu ya motere ya tatu."

Kwa nini basi, namuuliza, amemwita fundi yuleyule? "Aah, yeye alikuja mwenyewe kuniambia amekosa wapi. Mwingine angesema ni Mungu."

Alikosa wapi? Faradji ananieleza polepole, macho yake yako mbali, ungedhani anasimulia ndoto ya jana.

"Kwa motere iko imeandikwa volti 220. Mi nikachagua visahani vya kutosha 220, bon, nikaenda kunywa chai. Lakini umeme huu hausimami, dada. Unapanda, unashuka, kama mutu anapumua. Ukivuta pumzi unafika mia tatu na zaidi. Na usiku, mahoteli ya ziwani yakizima taa, unapanda tena."

Visahani vilivyokuwa vichache vilipata joto kila siku, hata pasipo radi. Vikachoka, vikafa kimya. Radi ilipokuja haikukuta mlinzi.

"Kisahani kizuri kinalala," anasema. "Umeme wa kila siku unapita karibu yake, hakiamki. Mushtuko ukija, kinaamka mara moja, kinauteremusha kwa ardhi, kinalala tena."

Angeweza kutegemea fyuzi, lakini fyuzi inakatika wakati mota imeshaungua. Angeweza kuacha mwanya mdogo kati ya vyuma viwili ili cheche iruke. Huo huwahi kuamka, ila ukishafunguka umeme wa kawaida nao hufuata palepale, na mwanya hautaki kufunga. Kwa hiyo amebaki na visahani hivi vya chuma vilivyopakwa seleni, madini yanayopitisha umeme pale tu unapozidi. Amevipanga mafungu mawili yanayotazamana, kwa sababu umeme huenda na kurudi.

Swali ni vingapi. Masika aliweka vinane kila upande. Akiweka vingi mno, vitalala fofofo na mshtuko utaifikia mota. Leo anaweka kumi, anapunguza hadi tisa, anatazama sindano ya kipimo inayoonyesha umeme unavuja, anarudisha cha kumi.

Kisha anauliza swali ambalo huliuliza kila nyumba. "Mama, maji ya kuoshea mtama wa pombe unamwaga wapi?"

"Nyuma ya jiko. Yewe, unataka kunywa machicha?"

"Nataka kulisha waya."

Chini ya Mbugangari kuna mwamba mweusi wa volkeno, mkavu, haupokei umeme. Lakini mahali wanawake wanapomwaga maji ya mtama, udongo uko laini na umeloa mwaka mzima. Hapo Faradji anachimbia bamba la shaba, analifukia kwa makaa na chumvi. Waya wa kushuka ni mfupi na umenyooka. Mrefu, anasema, huuchelewesha mshtuko.

"Bismillahi," anasema, na mashine inaanza.

Unga unatoka, unga mwekundu wa mtama, mwepesi kama vumbi la kwenye mwanga. Juu yetu hakuna wingu hata moja. Ghafla taa iliyo ukutani inawaka sana, visahani vinatoa mlio mdogo, na chumba kinajaa harufu ya kabichi iliyooza, ndiyo harufu ya seleni inayoungua. Mukamazimpaka anaweka mikono kichwani.

"Yebaba we!"

Mashine haisimami. Inanguruma vilevile, unga unatoka vilevile. Ngurumo ya Mudende inatufikia baadaye, imechoka.

Faradji anazima swichi, anagusa visahani kwa mgongo wa mkono. Viwili vina doa jeusi. "Vitapona," anasema. "Seleni inafunga kidonda chake yenyewe. Nitapita kesho kuviangalia."

Mama anajishika magoti, anakaa juu ya gunia, na machozi yanashuka yakichora mistari kwenye unga wa mashavuni. Kisha anapiga kelele kwa foleni: "Nani anafuata?"

Mwakani, inasemekana, nyaya zitapanda hadi Mudende, na wafugaji wanataka mashine ya kusukia maziwa yatoe siagi. Nauliza huko atachagua visahani vingapi.

"Sijui bado," anasema Faradji. "Pale ni mwisho wa waya, umeme unayumba zaidi. Nitaenda nikae nao siku kadhaa, niangalie umeme wao unavyopumua."