Vina vya "Daughter"

Ndugu yangu mkubwa hajawahi kunisifu bure. Kwa hivyo alipopiga simu kutoka Bungoma, siku ya pili baada ya Mama kufariki, akaniambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa roho ya Mama, sikulia. Nilivuta kiti cha jikoni hapa Kitale, nikakaa, nikangoja aseme anachotaka.

Alitaka shairi. Mistari minne ya Kiingereza, iwekwe nyuma ya programu ya mazishi, chini ya picha ya Mama akiwa na kofia ya kanisa. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na katika ukoo wetu kila anayekufa huzikwa na mistari yangu, kwa hivyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba safari hii alikuja na sharti: shairi liishie kwa neno "daughter". Ati watu wajue Mama alikuwa na binti mmoja tu, aliyemtunza mpaka mwisho.

Mimi, niliyekuwa nikionekana nyumbani Bokoli Krismasi na Pasaka tu! Nilimwambia sawa, nikakata simu, lakini roho yangu ikakataa kutulia.

Aliyemtunza Mama ni wifi yangu, mke wa huyo huyo ndugu yangu. Aliolewa, akaachwa pale bomani Bokoli, bwana akahamia Bungoma mjini na kuoa mwingine. Wifi hakuondoka. Mama alipopooza upande mmoja, ni yeye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Maji yako chini bondeni, kilima ni kikali, na Mama alikuwa mtu wa kuoga asubuhi na jioni hata akiwa hajiwezi. Wifi aliyabeba yote hayo kwa kichwa chake.

Kwetu mazishi si kuzika tu. Familia inasomwa mbele ya watu, wake na watoto, mmoja mmoja. Usiposomwa siku hiyo, matanga yakiisha unaulizwa wewe ni nani, na shamba unalolima ni la nani. Ndugu yangu alinitumia programu kwa simu nikague Kiingereza. Niliisoma juu mpaka chini. Mke aliyetajwa ni yule wa mjini peke yake. Wifi yangu hakuwemo, hata kwenye shukrani, mahali waliposhukuriwa mpaka wenye kukodisha viti na mahema.

Hapo nikaielewa ile sifa. Ikisemwa kwamba Mama alitunzwa na binti yake, basi hakuna mwingine aliyemtunza. Huyu bwana alikuwa anatumia mkono wangu kumfuta mkewe, na akishafutwa, kumfukuza ni kazi ndogo. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Nikashika simu nikatafuta vina vya "daughter". Mtandao hukuletea vya aina mbili, vile kamili na vile vya kukaribiana. Nimefundisha vina maisha yangu yote ya kazi na bado siviamini. "Mother" ikishakutana na "no other", mama wa watu anazikwa akiitwa asiye na mfano, hata kama kijiji kizima kilikuwa kinamkwepa njiani. Watoto hawakukusudia kudanganya. Neno la kwanza limeita la pili, na watu wamesema amina.

Nilianza na vile vya kukaribiana, maana havina haraka. "Order": niseme Mama alipenda utaratibu? Uongo mtupu, nyumba yake ilikuwa na kuku mpaka chini ya kitanda. "Border" ikanipeleka mpakani Suam, ambako Mama hakuwahi kukanyaga. Nikahamia kwa vile kamili. "Slaughter", kuchinja, nikacheka peke yangu nikimkumbuka ng'ombe wa matanga aliyekuwa ameshafungwa kule nyumbani. "Quarter". Halafu "water".

Nililishuku neno hilo kama ninavyoshuku kila kinachokuja kirahisi. Nikarudi juu, nikashuka tena, nikajaribu mengine. Wapi. Kila nilipoandika "daughter", maji yalikuwa pale pale, na aliyeyabeba namjua. Mwishowe nikamalizia hivi:

*One woman climbed that hill each day with water,*
*And she it was our mother called her daughter.*

Nikatuma, nikangoja matusi. Ndugu yangu akajibu mara moja: "Safi sana, dada. Imeishia vizuri bana." Kumbe aliangalia miisho tu, akaona "daughter" imekaa mahali alipoiagiza. Hata hivyo sikumwamini. Niliamini amejua, amenyamaza, na atabadilisha kule kwa mchapaji. Nilipofika Bokoli siku ya mazishi, kabla hata ya kwenda kwa jeneza, nilinyakua programu nikaigeuza nyuma. Mungu anisamehe. Mistari ilikuwa vile vile.

Wifi alikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, leso kiunoni, akisonga ugali kama mpishi wa kukodishwa. Tulisalimiana, akaendelea na mwiko wake. Familia ikasomwa. Yule wa mjini akasimama, watu wakamwona, akaketi. Kisha nikaitwa mimi.

Ndugu yangu alikuwa mbele kabisa, ametulia ndani ya miwani yake myeusi. Alichosahau, na sijui alikisahauje mtu aliyezaliwa huku, ni kwamba kwetu Kiingereza hakisomwi mazishini bila mkalimani. Mzee wa kanisa alisimama kando yangu na maikrofoni ya pili. Nilisoma mstari, akaugeuza kwa Kibukusu, lugha ya nyumbani. Vina vyote vikaanguka. Urembo ukaisha, ikabaki habari tu: kuna mwanamke mmoja aliyepanda kile kilima kila siku na maji, na huyo ndiye Mama aliyemwita binti yake.

Kila mtu pale anakijua kile kilima, na anajua si mimi niliyekipanda. Shangazi yetu, dada ya Baba, aliinuka, akaenda mwenyewe kwenye masufuria, akamleta wifi akimshika mkono na unga bado vidoleni. Akamkalisha kwenye viti vya familia. Kisha akauliza, watu wote wakisikia, huyu ni mke wa nani katika boma hili. Ndugu yangu aliivua miwani yake.

"Ni wangu," akasema.

Jioni, watu walipopungua, nilimfuata wifi jikoni. Sitaficha, nilitarajia kukumbatiwa. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwa macho yale yale ninayomtazama nayo ndugu yangu akinisifu.

"Umenisifu mbele ya watu, wifi. Sasa unataka nini kwangu?"

Nikamwambia sitaki kitu. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hajaamini. Akachukua mtungi mmoja wa plastiki wa njano, na wa pili akausukuma kwa mguu mpaka ukanigonga.

"Basi maji yameisha. Twende."

Niliubeba, nikatangulia ili aone kwamba sina shida na kazi. Nilipofika nyuma ya migomba, njia niliyoijua ikiwa moja utotoni ilikuwa imegawanyika mara mbili, na sikujua ni ipi inayoshuka mtoni. Nikasimama pale na mtungi wangu mtupu, nikamngoja apite mbele.