Stata ya Gari Jekundu

Enzi za utawala wa jeshi, nilikuwa gereji moja ya Wandegeya, hapa Kampala, kapteni alipoleta gari jekundu la spoti lililoachwa na Mhindi aliyefukuzwa nchini. Stata, mota ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa, nayo ilijificha nyuma ya injini. Fundi akalala chini ya gari, akapenyeza mkono, akafungua nati zote huku amefumba macho.

Kapteni akachuchumaa. "Wewe nafungua bila kuona. Ulikuwa najua mwenye hii gari?"

Mkono ukasimama. Siku zile jibu la swali kama hilo liliweza kumpoteza mtu.

"Hapana, afande. Hizi gari zote ni sawasawa tu."

Kapteni akaridhika. Sisi wateja tukatazama viatu vyetu. Kampala nzima, gari la namna ile lilikuwa hilo moja tu.