Nepi Kumi na Mbili za Leso ya Jirani

Siku ya arubaini ya mtoto tulikuwa watu sita ndani ya nyumba. Nilikuwapo mimi, fundi wa kushona matanga, nimeketi kizingitini. Alikuwapo mdogo wangu, mama wa mtoto, juu ya kitanda. Alikuwapo mtoto mwenyewe, amelala, hajui kwamba siku hiyo anahukumiwa. Alikuwapo mama mkwe wa mdogo wangu, aliyewasili asubuhi kwa mashua kutoka Pate, pindo la buibui lake bado bichi. Alikuwapo Bi jirani yetu wa ukuta mmoja, na mwalimu wa kike kutoka bara aliyepanga chumba chetu cha uani. Paka siwahesabu, kwa sababu walikuja baadaye na idadi yao hata leo hatukubaliani.

Baba wa mtoto hakuwapo. Yeye yuko Mombasa, anapakua mizigo bandarini, na huja akipewa ruhusa; tangu harusi mdogo wangu amebaki kwangu.

Wazazi wetu walifariki nikiwa na miaka kumi na minne na mdogo wangu sita. Niliacha shule kabla ya mtihani wa darasa la nane, nikaenda kukaa miguuni pa fundi wa matanga hapa hapa Matondoni. Sindano ile ndiyo iliyomlisha mdogo wangu, ikamsomesha mpaka kidato cha nne, ikamwoza. Mimi kusoma najua, na kuandika ndio huku mnakokuona.

Kwetu, mwanamke akipata mtoto wa kwanza hurudi kwa mamake, akalelewa siku arubaini. Hukandwa kwa maji moto, hufukizwa udi, hulishwa, hashiki ufagio. Mdogo wangu hana mama. Mimba ilipofika miezi minane, mama mkwe wake akatuma neno kwamba aende kwake Pate. Mdogo wangu akajibu kwamba kwao ni kwa kakake, na kwa kakake ndiko atakakozalia. Mama mkwe akaja mwenyewe, akanitazama mikono yangu yenye sugu, akatazama chumba.

"Haya," akasema. "Nakuachia. Kukanda na kupika, Bi jirani atakusaidia. Lakini siku ya arubaini nitakuja nimfunue mtoto. Nikikuta kipele kimoja takoni, kimoja tu, nawachukua wote wawili, na hawarudi mpaka mtoto awe anatembea."

Mdogo wangu alikuwa na lake la kuogopa. Mwalimu alikwisha mtafutia kazi ya usaidizi chekechea, aanze arubaini ikiisha, na kazi ile isingemngoja mwaka mzima. Mimi nami nilikuwa na langu, ingawa sikulisema. Tangu nizaliwe sijawahi kulala peke yangu katika nyumba ile.

Basi kila kitu kikawa juu ya makalio ya mtoto.

Tulianza na daipa za dukani za kutupa. Joto la mwezi ule lilikuwa kali, na siku ya tatu nikaona wekundu kwenye paja. Hapo hapo likatokea na jambo la punda. Daipa chafu tulizitia katika mfuko nyuma ya nyumba, tungoje kuzichoma. Punda wa mtu akautoboa mfuko, akachagua moja, akashika ndia na daipa mdomoni. Alifika mbele ya msikiti watu wakitoka sala ya Ijumaa. Mtaa wetu ulikuwa na mtoto mchanga mmoja tu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni ya nani. Watu waliniangalia mimi moja kwa moja. Mzee mmoja akaniambia, "Bwana fundi, mjomba umekuwa, hongera. Mzigo wako huo unakwenda."

Jioni mwalimu akanishauri kuhusu nepi za kitambaa. Alinieleza vizuri, kama anavyofundisha: ndani kitambaa laini cha kunywa maji, juu yake kifuniko kisichopitisha maji, na ubadilishe mapema kabla mtoto hajachoka kuloa. Nikaenda Amu, mjini Lamu, kuzitazama. Muuzaji alikuwa nazo zenye vifungo, zina picha za tembo. Nikaigeuza moja, nikavuta mshono.

"Dada, mishono hii iko mbalimbali mno," nikamwambia. "Ikipigwa na upepo wa kusi, haifiki Kiwayu."

"Bwana, hii ni nepi," akasema. "Inafika kitandani tu."

Sikununua. Nilijiambia kwamba mtu aliyeshona tanga la kubeba watu ishirini hawezi kushindwa na nepi.

Kosa la kwanza lilikuwa marekani mpya. Ndicho kitambaa cha matanga, ndicho nikijuacho. Nilikata, nikapinda, nikapiga mshono wa mara mbili, na nepi ilipokamilika niliiweka sakafuni ikasimama yenyewe. Tulipomvalisha mtoto, miguu ilitoka kila mmoja upande wake na mikono ikapanda juu, akawa kama mtu anayeomba msaada kutoka ndani ya mtumbwi. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Kaka, nionee huruma, mimi bado nina maumivu."

Tukajaribu kikoi kizee, tukajaribu taulo. Nilivitandaza vyote barazani na kikombe cha maji, nikawa namimina na kutazama kipi kinakunywa upesi na kipi kinachelewa. Bi jirani alinitazama kutoka mlangoni kwake mpaka akachoka, akaingia ndani, akarudi na doti ya leso. Ilikuwa ya harusi yake. Maua yake yalikwisha fifia, huwezi kujua yalikuwa mekundu au ya zambarau. Nilimimina maji; leso iliyanywa kabla sijainua kikombe.

"Hii ndiyo ninayolalia," akasema. "Kitambaa kingine kinanikwaruza shavu. Kata, mtoto asipate vipele. Lakini utanirudishia."

"Kesho nitakununulia doti mpya, Bi."

"Mpya ninazo, sanduku zima. Sikukopesha mpya. Nimekukopesha laini, nirudishie laini."

Nikakubali bila kufikiri, kama anavyokubali mtu aliyeshika mkasi tayari. Zilitoka nepi kumi na mbili. Nilizishona pindo nyembamba sana, mishono midogo ambayo sijawahi kumshonea nahodha yeyote. Kuzifua tulijifunza kwa taabu, maana maji ya kisima chetu yana chumvi na yanakausha kitambaa kikawa kama ngozi ya papa. Kwa hiyo zilifuliwa kwa maji ya kisima, zikasuuzwa kwa maji ya mvua kutoka birikani, zikaanikwa jua la saa sita. Na kubadilisha tulifuata adhana. Nilipoisikia karakanani niliweka sindano chini, nikarudi nyumbani, nikavaa kikoi changu cha nepi, nikambadilisha mtoto, nikaoga, nikavaa kikoi cha msikitini, nikaenda kusali. Baina ya sala mdogo wangu alikuwa zamu. Wenzangu wa karakana wakasema sijawahi kuwa mcha Mungu kiasi hicho.

Kilichobaki kilikuwa kifuniko. Mfuko wa nailoni ulimtoa mtoto jasho, tukauacha. Hapo ndipo nilipofanya lile la kunifuata mpaka kaburini.

Vyombo vya baharini vya mbao, kama hamjui, hupakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ili maji yasile mbao. Nimeyashika mafuta hayo tangu nilipoacha shule. Nikafikiri: kama yanazuia bahari nzima isiingie, yatashindwaje kuzuia mkojo wa mtoto usitoke? Nikachukua marekani nyepesi, nikapaka upande wa nje tu, nikaianika juani siku mbili, nikashona vifuniko vitatu vya kufunga kwa kamba. Maji yalisimama juu yake kama juu ya sahani. Nilifurahi siku nzima.

Harufu? Wallahi sikuisikia. Pua yangu ilikwisha zoea kabla sijaota ndevu, na mdogo wangu alikulia kifuani pa mtu anayenuka hivyo hivyo. Bi jirani anavuta ugoro. Tena chumba cha mzazi kilikuwa kinafukizwa udi asubuhi na jioni, moshi mzito, na juu yake ubani. Kwa mwezi mzima ile sifa ilikaa chini ya udi imetulia.

Sasa tunarudi siku ya arubaini.

Mama mkwe aliketi kitandani kando ya mdogo wangu, akapewa mtoto, akaanza kukohoa.

"Nitolee chetezo hicho," akasema. "Kifua changu na moshi hatupatani."

Nikakitoa uani. Dirisha likafunguliwa. Tukanywa kahawa. Mara akaingia paka wa kijivu, akaketi katikati ya chumba kama mtu aliyealikwa. Akaja mwingine mwenye sikio moja. Kisha wakaja wawili kwa pamoja, na paka mama mwenye watoto wake.

"Kuna samaki humu?" akauliza mama mkwe.

"Yeo hatukupika samaki, Bi," akajibu jirani. "Tumekupikia kuku."

"Basi hawa wamekuja kusoma maulidi?"

Jirani akainama chini ya kitanda kutafuta samaki. Mwalimu akawa anafukuza paka kwa daftari, lakini akimtoa mmoja mlangoni, wawili waliruka dirishani. Yule wa sikio moja alipanda kitandani, akamkaribia mtoto pole pole, akaweka mguu mmoja juu ya nepi, akalamba.

Mama mkwe akamwinua mtoto mpaka puani. Akafumba macho. Akamshusha.

"Mtoto huyu," akasema, "amepakwa sifa."

Nikaona jukumu la kujibu ni langu.

"Si yeye, Mama. Ni kifuniko. Maji yasipite."

"Mjukuu wangu ni jahazi?"

"Hapana, Mama."

"Mnamshusha majini lini, niite wapiga ngoma?" Akamgeukia mwalimu. "Nawe mtu wa bara, pua huna?"

"Ninayo, Mama," mwalimu akasema, ametazama sakafu. "Nimesikia tangu wiki ya pili. Nilidhani ni mila."

"Mila!"

"Nilidhani watoto wa hapa hupakwa, ili waizoee bahari. Sikutaka kuuliza nikaonekana nadharau."

Mdogo wangu alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakawa yanatetemeka. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

Mama mkwe akahamia karibu na mlango kwenye mwanga, akamlaza mtoto mapajani. Akafungua kamba zangu, akalalamika kwamba fundo hili hufungiwa punda. Akatupa kifuniko uani, na paka wote wakakifuata mbio, chumba kikawa kitupu ghafla. Kisha akafungua leso. Akamgeuza mtoto kifudifudi. Akavaa miwani.

Alitazama muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye kila mkunjo, pajani, kiunoni, nyuma ya magoti. Niliona chekechea inakwenda, na nyumba inabaki na kitanda changu. Mtoto, kwa upande wake, alikojoa juu ya buibui la Pate.

"Hamna," akasema mama mkwe.

"Hamna nini, Mama?" nikauliza.

"Hamna kipele. Hata kimoja." Alisema kama mtu aliyeibiwa. "Lakini harufu hii..."

"Mama," mdogo wangu akasema kutoka ndani ya mtandio, "ulisema vipele. Harufu hukuitaja."

Mama mkwe akamtazama, akanitazama mimi, akautazama mlango ambako paka walikuwa wanapigania kazi ya mikono yangu. Midomo ikamcheza. Akajaribu kuizuia kwa kukohoa, asiweze, akacheka mpaka miwani ikamwanguka.

"Wanavuta nepi kama papa mzima," akasema. "Kaa na nduguyo, mwanangu. Kaa. Nikikuchukua kwa sababu ya harufu, Pate yote itataka kujua harufu gani, nami sitaki kueleza."

Akachukua nepi ya leso, akaisugua baina ya vidole.

"Laini hii mumeipata wapi?"

"Ni yangu," akasema Bi jirani, akitoka chini ya kitanda. "Nimekopesha. Nadai."

"Na atalipa lini?"

"Muulize fundi."

Mdogo wangu alianza chekechea wiki iliyofuata. Mwalimu alininunulia vifuniko vya vifungo vyenye tembo, nami nikavipiga mshono upya kabla ya kutumiwa. Zile nepi kumi na mbili zilimaliza kazi zao mwaka huo, zikawa matambara ya kufutia taa, kisha hata matambara hayakubaki.

Mimi nilikuwa nimekwisha nunua doti mpya, ngumu kwa wanga. Nikaifua mara kumi mfululizo, bado ngumu. Nikaichemsha. Nikaitwanga kwa nyundo ya mbao ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za vyombo, mpaka ikalegea, nikampelekea. Bi jirani akaiweka shavuni.

"Hii imepigwa," akasema. "Laini ya kupigwa naijua, na laini ya kuvaliwa naijua. Kaivae."

Basi naivaa. Nikifika nyumbani jioni najifunga leso yenye maua, na wenzangu wa karakana wanapita makusudi kuniuliza kama nimekwisha pika. Nalalia kipande kimoja, nafunika kingine. Kila Ijumaa naifua kwa maji ya mvua na kuianika kivulini. Mdogo wangu anaivaa zamu yake akirudi kazini, na mtoto, ambaye sasa anatembea, anaiburura uani na paka nyuma yake, hawajamsahau.

Ijumaa iliyopita niliipeleka tena. Bi jirani aliketi, akaikunja mara nne, akailaza shavuni, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amelala, nikaanza kujisikia mwepesi.

"Bado, mwanangu," akasema, akanirudishia.