Mguu Wangu na Farasi Aliyeitwa Mawingu

Nyinyi mliolala na mguu usiowasikia, nipeni sikio kidogo. Mimi ni Musafiri, fundi wa farasi.

Kabla ya vita nilifundisha farasi wachanga kubeba mtu, kwenye shamba la ng'ombe vilimani, nje kidogo ya mji wa Bunia. Kazi hiyo haitaki pupa. Kwanza unamwekea mgongoni gunia tupu. Kisha gunia lenye mchanga kidogo, kisha tandiko. Mwisho unajilaza juu yake kwa tumbo, unashusha pumzi ndefu, unangoja naye ashushe. Asiposhusha, unateremka, mnaonana kesho. Asubuhi za ukungu niliegemea ubavu wa Mawingu, jike mdogo wa kijivu, nisijue joto lipi ni langu na lipi ni lake. Nilimpenda mno.

Siku moja risasi zikalia upande wa mjini. Mke wangu, Furaha, akaja mbio na mzigo kichwani.

"Papa Musafiri, batu yote banakimbilia kule Marabo! Siye tunangoja nini?"

"Nitapanda Mawingu. Nikimuacha, basoda na bunduki yabo batamukula."

"Ile mutoto? Bado iko kwa gunia!"

Alisema kweli. Nikamfunga tandiko, nikapanda papo hapo, pumzi nimeibana kifuani. Akaruka mara mbili. Nilipoanguka nilisikia paja likivunjika kama kuni kavu.

Wachungaji wawili wa ng'ombe walinibeba juu ya mlango uliong'olewa mpaka hospitali. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, na siku chache baadaye kidonda kikatoa usaha. Harufu yake ilinitia haya mbele ya Furaha, lakini hakuacha kunifuta. Mguu wangu ukavutwa kwa kamba yenye kopo la mchanga, ili mfupa unyooke.

"Homa isiposhuka, tutakata," daktari alisema.

Homa ilinichukua mbali. Mashuka yakawa ukungu wa vilimani. Mawingu akawa anapita katikati ya vitanda, ananusa wagonjwa mmoja mmoja, na kwangu hasimami. Nikamwita, hageuki.

Homa ikashuka, Mungu asifiwe. Kidonda kikafunga baada ya miezi. Lakini kila nilipojaribu kusimama, mguu ulitetemeka ukakataa. Niliupiga ngumi nikilaani risasi zilizomshtua farasi wangu. Mama Alphonsine, muuguzi, akanishika mkono.

"Weye papa, mguu haiko na kiburi. Iko na woga. Leo uipe uzito ya gunia tupu. Kesho tutaona."

Nikacheka, halafu nikalia kama mtoto. Risasi zilipolia Mawingu hakuruka; aliruka nilipompanda. Ni mimi niliyemharakisha.

Basi nikaanza upya: kukanyaga kidogo, kushusha pumzi, kupumzika. Haraka haraka haina baraka, sote tunasema. Mimi hilo nililijua kwa mfupa.

Wachungaji walikuwa wamemficha Mawingu bondeni, katikati ya ng'ombe. Nilipomfikia na mikongojo yangu alirudi nyuma, masikio yamelala. Sikumlaumu. Nilikuwa nimebeba gunia tupu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Furaha, na Mama Alphonsine. Nanyi wagonjwa, msiupige mguu wenu. Upeni gunia tupu kwanza.

Ilifika asubuhi nikajilaza tena mgongoni mwa Mawingu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Nilitaka kushusha pumzi. Yeye akanitangulia.