Jagi la Maji Yaliyochemshwa

Shangazi yangu ameishi huku ughaibuni, Stratford, miaka mingi na bado hanywi maji ya bomba. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, huchemsha sufuria nzima, huyaacha maji yapoe, kisha huyamimina kwenye jagi la kioo na kulifunika kitambaa chenye shanga pembeni. Alivyofanya Tanga ndivyo anavyofanya ghorofa ya nne. Nilipomwambia maji ya hapa ni salama, alinionyesha ukoko mweupe ndani ya birika. "Huu nao ndio usalama?" Mimi ndiye niliyekuwa nikisomea kuchemka kwa maji chuo kikuu, lakini kwake hilo halikunipa cheo chochote.

Niliishi kwake, na jagi likibaki nusu naye yuko kazini, nilikuwa nikilijaza bombani. Nilikuwa mvivu, sikatai. Nani ana subira ya kuchemsha maji na kungoja yapoe ndipo anywe?

Chuoni nilikuwa na subira zaidi. Nilipitisha maji kwenye mrija mwembamba wa chuma unaopashwa moto kwa umeme, nikavitazama viputo vya mvuke kupitia kidirisha cha kioo. Nilivipenda mno. Kiputo huzaliwa kwenye mkwaruzo mdogo wa chuma, huvimba, kisha mkondo wa maji huking'oa. Kikiondoka huondoka na joto, na maji yaliyopoa zaidi hukimbilia pale kilipokuwa kimekaa. Ndiyo maana maji yanayopita huku yakichemka hukipunguzia chuma joto zaidi kuliko maji yanayopita bila kuchemka. Lakini moto ukizidi, viputo hushikana vikawa kama shuka la mvuke kati ya chuma na maji. Hapo joto halina pa kwenda, na mrija huungua.

Kazi yangu ilikuwa kupima hayo yote, na vipimo vilikataa. Moto ule ule, asubuhi nilipata hivi, alasiri vile. Viputo vya alasiri vilijitokeza mapema, kabla chuma hakijapata moto wa kutosha kuvizaa. Profesa wangu, mama mpole asiyepandisha sauti, aliniambia kwamba nikifika mbele ya jopo la watahini Ijumaa bila vipimo vinavyojirudia, masomo yangu yataishia hapo. Viza nayo ingeishia hapo. Ningerudi nyumbani mikono mitupu, baada ya shangazi kuniachia chumba chake na yeye kulala kwenye kochi la sebuleni miaka mitatu. Niliogopa vibaya sana.

Jumapili alinikuta jikoni nimejiinamia.

"Mbona umenuna toka jana? Leo niko off, sema."

Nikamweleza. Akawa anakanda unga wa chapati na kunihoji hatua kwa hatua. Asubuhi unaanzaje? Nikasema nachemsha maji ya tangi saa nzima ili hewa iliyomo itoke, kwa sababu hewa nayo hufanya viputo vyake, na viputo hivyo huharibu vipimo.

"Halafu?"

"Halafu napima. Mchana maji yakipungua naongeza kidogo kutoka kwenye dumu."

"Hayo ya kwenye dumu umeyachemsha?"

Sikuwa nimeyachemsha. Maji ya dumu yalikuwa safi kabisa, hayana hata chembe ya chumvi. Nilikuwa nimefikiria usafi tu, hewa nikaisahau.

"Kama unavyofanya kwenye jagi langu," akasema, mikono bado ikiwa kwenye unga.

"Ulikuwa unajua?"

"Toka mwezi uliokuja. Maji ya bomba la hapa yana ladha yake, mwanangu. Nikitoka shifti nayarudisha yote sufuriani, nachemsha upya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na mitihani."

Miaka mitatu! Anatoka kazini miguu imemvimba, anasimama tena jikoni kuchemsha maji aliyokwisha kuyachemsha. Niliona aibu, nikampenda zaidi.

Jumatatu nilimwaga yote nikaanza upya, na kila tone la kuongeza nililichemsha kwanza. Kufikia Jumatano, vipimo vya alasiri vilikuwa vinasema sawa na vya asubuhi. Ijumaa jopo liliniuliza maswali machache, likaniruhusu kuendelea. Nikampigia simu nikiwa mlangoni.

"Wamenipitisha, shangazi!"

"Ulichemsha yote?"

"Yote."

"Alhamdulillahi. Haya, pitia dukani uniletee giligilani."

Siku iliyofuata alitoka asubuhi akiacha jagi nusu. Nikachemsha maji, nikayangoja yapoe, nikalijaza. Aliporudi jioni alikwenda moja kwa moja jikoni na koti lake mwilini. Nilisimama mlangoni. Alifunua kitambaa, akatazama jagi lililojaa, akanitazama mimi. Sufuria ilikuwa pale pale jikoni, karibu na mkono wake. Akaiacha, akamimina maji kwenye glasi, akanywa yote.